Mkono wa Fundi, Mkono wa Mama: Historia ya Sindano ya Kifundo



Shaaban ya mwaka juzi tulikuwa na nguo za maharusi tisa mezani. Anayeijua Shaaban ya Unguja anajua maana yake: kila mtu anataka kuoza kabla ya Ramadhani, na kila mtu anataka nguo yake mwanzo. Katikati ya pilikapilika hizo mmoja wetu, ambaye ndiye mkataji wetu, aliamka asubuhi hawezi kushika mkasi. Maumivu yalikaa kwenye mzizi wa dole gumba, pale pembeni ya kifundo cha mkono, yakawa yanapanda mpaka nusu ya mkono. Kufungua chupa ya maji alishindwa. Kumnyanyua mwanawe wa miezi minne alishindwa pia, na hilo ndilo lililomliza.

Dawa tulizopewa zilikuwa nyingi. Bibi mmoja alisema ni baridi. Jirani akasema ni simu. Tukamsugua kwa mafuta ya makonyo wiki mbili, ikawa anatulia usiku na asubuhi yanarudi vile vile. Mwisho akaenda spitali, daktari akamwambia: ni kano za dole gumba, na nakushauri uchome sindano hapo hapo kwenye kifundo.

Akarudi dukani kutuuliza, "Nichome, nisichome?" Hakuna aliyejua. Mmoja kasikia kwamba sindano hiyo hulainisha mifupa. Mwengine kasikia imetoka kwa mnyama, hivyo huenda ni haramu. Wa tatu akauliza kama atafunga. Hapo ndipo tulipoona hatuijui kabisa kitu kinachotaka kuingizwa mkononi mwetu. Tukaanza kusoma na kuuliza madaktari, na leo tunakuleteeni tuliyoyapata, tangu mwanzo wake.

Ugonjwa wenyewe, kwa lugha ya cherehani

Chukua suruali ya kamba. Kiunoni tunakunja upindo, tunashona, halafu tunapitisha kamba ndani yake. Ukivuta kamba inateleza. Sasa fikiria upindo umeshonwa mwembamba mno, au kitambaa chake kimekuwa kizito na kigumu. Kamba itakwama. Ukiilazimisha, itasagika.

Mkononi ni vivyo hivyo. Kano mbili zinazolivuta dole gumba nje na juu zinapita kwenye ala yao pembeni ya kifundo, upande wa dole gumba, juu ya kile kijifupa unachokihisi ukipapasa. Ala hiyo ikivimba na kuwa nene, kano hazitelezi tena. Kila ukikamata, ukikamua, ukinyanyua, zinasuguana. Ndiyo maana anayeumwa hivyo hushindwa na mambo madogo madogo: kukamua nguo, kukuna nazi, kukata kitambaa, kumtoa mtoto kitandani kwa kumshika makwapani dole gumba limekaa juu.

Wanaoupata zaidi ni wanawake, na khasa wajawazito na wanaonyonyesha. Kazi ya mikono ina sehemu yake, na mabadiliko ya mwili wakati wa uzazi nayo yanatajwa. Kwa hiyo dada, ukiumwa hivyo usikubali kuambiwa ni uvivu.

Jina la dobi

Ugonjwa huu ulijulikana kwa majina ya wanawake kabla haujapewa jina la mwanamme. Kitabu cha anatomia cha Gray, ambacho vizazi vya madaktari wa Uingereza wamekisomea, katika toleo la 1893 kiliutaja kama mteguko wa mwanamke dobi. Tulipoisoma habari hiyo tulinyamaza kidogo. Mama zetu wamefua na kukamua mashuka ya watu miaka na miaka, na mikono yao iliuma hapo hapo, na hatukuwahi kujua kwamba kuna kitabu kimeliandika jambo lao.

Jina linalotumika leo spitali limetoka Uswisi. Fritz de Quervain alizaliwa 1868 katika mji wa Sion, akasomea udaktari Bern, halafu akafanya kazi La Chaux-de-Fonds, mji wa mafundi saa. Mwezi wa Disemba 1894 alimtibu mwanamke wa miaka 35 aliyekuwa na maumivu makali kwenye kano za dole gumba. Mwaka uliofuata, 1895, aliandika habari za wagonjwa watano wa aina hiyo. Hakuwa daktari wa kwanza kuwaona watu kama hao, na mwalimu wake Theodor Kocher alikuwa anaujua ugonjwa huu kabla yake. Alichofanya de Quervain ni kuueleza waziwazi: tatizo liko kwenye ala iliyokaza, na ukiifungua ala, kano zinapata nafasi.

Akaifungua kwa kisu. Hakuwa na njia nyengine. Kwa hiyo tiba ya kwanza ya uhakika ya maumivu haya ilikuwa ni upasuaji, na kwa miaka zaidi ya 50 hakukuwa na kitu cha katikati. Ama upumzishe mkono na kuufunga gango, ama ukatwe.

Mwaka 1930 Harry Finkelstein, daktari wa mifupa wa New York, alieleza namna ya kuupima ugonjwa: alilishika dole gumba la mgonjwa na kuuvutia mkono haraka upande wa kidole kidogo. Mgonjwa akiruka kwa maumivu pale kwenye kijifupa, jawabu limepatikana. Kile kipimo ambacho wengi tunakijua, cha kufumba ngumi dole gumba likiwa ndani na kuipinda ngumi chini, kilielezwa kabla yake na Mjerumani Eichhoff, mwaka 1927, ijapokuwa watu huviita vyote viwili kwa jina la Finkelstein. Ukikijaribu nyumbani kifanye taratibu, maana hata mkono mzima huuma kidogo ukivutwa hivyo.

Kutoka nyongo ya ng'ombe hadi viazi vikuu

Sasa tuje kwenye dawa, na hapa ndipo swali la yule shoga yetu kuhusu mnyama lina msingi wake.

Mwaka 1948 katika kliniki ya Mayo, mji wa Rochester, Marekani, daktari Philip Hench alikuwa na mgonjwa wa kike wa miaka 29 aliyekamatwa na baridi yabisi mpaka hawezi kujigeuza kitandani. Mwenzake mkemia, Edward Kendall, alikuwa ameshughulika miaka mingi na vitu vinavyotengenezwa na tezi ndogo zinazokaa juu ya figo. Kimojawapo kilikuja kuitwa kotizoni. Tarehe 21 Septemba 1948 mwanamke yule alichomwa sindano ya kwanza. Baada ya siku chache alikuwa anatembea, na wiki moja baadaye alitoka spitali kwenda kuzunguka madukani. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Basel walipewa Tuzo ya Nobel.

Kotizoni ya mwanzo ilitengenezwa kwa kuanzia nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30, na ilikuwa ghali kupita kiasi. Ndipo wakemia walipogeukia mimea. Percy Julian, Mmarekani mweusi ambaye babu zake walikuwa watumwa, mwaka 1949 alipata njia ya kutumia maharage ya soya kutengeneza kitu kilicho karibu kabisa na kotizoni. Mwaka 1952 wanasayansi wa kampuni ya Upjohn walitumia ukungu wa jamii ya ule unaoota kwenye mkate kuigeuza homoni iliyotolewa kwenye viazi vikuu vya mwituni vya Mexico. Bei ikaanguka, na dawa ikawafikia watu wa kawaida. Hata leo dawa za jamii hii, zinazoitwa steroidi, kwa sehemu kubwa zinaanzia kwenye mimea. Kwa hiyo uvumi wa dukani kwetu ulikuwa na chembe ya ukweli wa zamani sana. Mwenye shaka na dawa fulani aombe kuiona karatasi yake, amuulize mfamasia.

Furaha ile ya mwanzo ilifuatwa na majuto. Waliotumia kotizoni nyingi kwa muda mrefu walivimba uso, sukari ikapanda, mifupa ikadhoofika. Hapa ndipo lilipotoka lile neno la "inalainisha mifupa". Ni kweli kwa anayemeza vidonge kwa miezi au miaka. Sindano moja ndogo kwenye ala ya kano ni jambo jengine.

Sindano yafika kwenye kifundo

Wazo la kuitia dawa pale pale panapouma lilishika kasi mwaka 1951, Joseph Hollander wa Philadelphia alipoeleza alivyochoma haidrokotizoni ndani ya viungo vya wagonjwa. Dawa kidogo, mahali pamoja, madhara machache. Mwaka 1955 jarida la madaktari wa Uingereza lilitoa makala ya daktari Christie kuhusu sindano hiyo kwa ugonjwa wa de Quervain. Miaka 60 baada ya kisu cha Uswisi, njia ya katikati ikapatikana.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Richie na Briner, walikusanya tafiti saba zenye vifundo 459. Waliochomwa sindano peke yake walipona asilimia 83. Waliochomwa sindano na kufungwa gango, asilimia 61. Waliofungwa gango peke yake, asilimia 14. Waliopumzika tu au kumeza dawa za maumivu, hakuna aliyehesabiwa kupona.

Msikimbilie kusema gango linaharibu sindano. Tafiti zile hazikufanywa kwa namna moja, na huenda waliofungwa gango ndio waliokuwa wameumia zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Iran waliwagawa wagonjwa 67 kwa bahati nasibu: waliopata sindano pamoja na kufungwa dole gumba walifanikiwa asilimia 93, na waliopata sindano tu asilimia 69. Kwa hiyo gango ni msaidizi mzuri wa sindano, lakini likiachiwa kazi peke yake mara nyingi linashindwa.

Na je, si ile ganzi tu inayotufurahisha? Uholanzi mwaka 2009 walijaribu hilo. Wagonjwa 21 walichomwa, wengine steroidi, wengine maji ya chumvi, bila kuambiwa. Baada ya wiki moja au mbili, asilimia 78 ya waliopata dawa walipata nafuu, dhidi ya asilimia 25 ya waliopata maji. Wagonjwa ni wachache, lakini tofauti ni kubwa.

Utafiti uliotugusa zaidi ulifanywa Uturuki, 2002. Ulikuwa na wanawake 18 tu, wote wajawazito au wanaonyonyesha. Vifundo vilivyochomwa sindano vilipona vyote, na vya gango peke yake hakuna kilichopona kabisa mpaka baadaye. Ila hapa kuna habari njema ya pili: wale wa gango nao walipona wenyewe walipoacha kunyonyesha. Maana yake mama mwenye mtoto mchanga anaweza kuchagua. Akiweza kuvumilia, maumivu yana mwisho. Akishindwa, tiba ipo.

Si kila sindano ni sindano ile

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, maana neno "sindano" linatuchanganya.

Kuna sindano ya maumivu inayochomwa nyongani au mkononi juu, ile ambayo wengi wetu tumeipata tukienda na mgongo au jino. Inazunguka mwili mzima, inatuliza kwa saa kadhaa, na haifungui upindo uliokaza. Ukiambiwa "chomwa sindano", uliza: ya wapi, na ya dawa gani?

Ya kifundo kwa kawaida ina vitu viwili: ganzi kama lidokeini, na steroidi. Ganzi hufanya kazi dakika ile ile na kuisha baada ya saa chache. Steroidi huchukua siku kadhaa, mara nyengine wiki mbili. Katikati hapo, siku ya kwanza na ya pili, kifundo kinaweza kuuma zaidi kuliko mwanzo. Mkataji wetu alitupigia simu usiku ule akilia kwamba ameharibiwa mkono. Siku ya tatu maumivu yakashuka, na ya kumi akakata satini.

Steroidi zenyewe hazifanani. Haidrokotizoni huyeyuka upesi na nguvu yake huisha mapema. Methiliprednisoloni iko katikati. Triamsinoloni huyeyuka polepole, hukaa muda mrefu, na ndiyo inayotajwa sana kwenye tafiti. Lakini kukaa huko muda mrefu ndiko kunakoleta doa, kama tutakavyosema. Siku hizi iko pia sindano ya chembe za damu ya mgonjwa mwenyewe: damu hutolewa, husokotwa kwenye mashine, sehemu yake hurudishwa kwenye kano. Haina steroidi, lakini ni ghali na ushahidi wake kwa kifundo hiki bado ni mdogo kuliko wa sindano ya steroidi. Anayekuuzia kama miujiza muulize maswali mara mbili.

Upindo wenye njia mbili

Kwa nini basi wengine huchomwa na wasipone? Jawabu moja lilitoka kwa akina Harvey, mwaka 1990. Walitibu vifundo 63 kwa sindano, na 11 vikaishia kwenye upasuaji. Walipofungua, katika 10 kati ya hivyo 11 walikuta ile kano ndogo ina njia yake mbali na kano kubwa.

Sisi mafundi tulilielewa hili mara moja. Kuna upindo wa kiuno ambao tunaupitishia mshono katikati, ukawa na njia mbili, moja ya kamba na moja ya mpira. Ukitia kitu njia ya juu, ya chini haikipati. Daktari akichoma kwa kupapasa, dawa inaweza kuingia njia moja na kuiacha iliyokaza. Ndiyo maana sasa baadhi ya madaktari hutumia mashine ya ultrasaundi kuangalia sindano inaingia wapi. Ukichomwa mara ya kwanza usipone, kabla ya kuchomwa mara ya pili uliza kama kuna uwezekano wa kuangaliwa kwa ultrasaundi. Na sindano zisirundikwe: madaktari wengi husimama kwenye mbili au tatu, halafu hurudi kwa njia ya de Quervain, upasuaji mdogo kwa ganzi. Nao unataka mkono mzoefu, kwa sababu mshipa wa fahamu wa ngozi ya dole gumba unapita hapo hapo juu ya ala.

Doa, hina na tarehe ya harusi

Sasa maharusi, hii ni yenu.

Mwaka jana mmoja wetu mwengine naye alichomwa. Alipona, alhamdulillah. Lakini baada ya wiki sita ngozi ya pale ilianza kupauka, likatokea doa jeupe kama shilingi, na nyama ya chini ikabonyea kidogo. Hakuna aliyemwambia mapema. Alikwenda na mkono wa baibui ameuvuta mpaka vidoleni, na mtu akathubutu kumuuliza kama ni mbalanga. Doa lilirudi rangi baada ya miezi minane hivi. Wengine huchukua mwaka au zaidi, na wachache haliondoki lote.

Hili ni jambo linalojulikana kwa madaktari. Steroidi ikivuja juu ya ala, chini ya ngozi, hufifisha rangi na kula mafuta ya pale. Kifundo hakina nyama nyingi, na kwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde doa huonekana zaidi. Dawa inayokaa muda mrefu huleta hatari hiyo zaidi. Hatusemi msichome. Tunasema ni haki yenu kuambiwa kabla, na ni haki yenu kuomba dawa isiyokaa sana kama daktari anaona inafaa.

Mwezi uliopita alikuja bi harusi kupimwa, harusi wiki tatu mbele. Tulipomwambia anyooshe mkono akakunja uso. Alikuwa amemlea mtoto wa dada yake miezi mitano. Alitaka achomwe Jumatatu ya wiki ya harusi, ili Alhamisi apakwe hina na Ijumaa awe mzima. Tulimweleza yote haya: huenda siku mbili za mwanzo zikawa mbaya zaidi, nafuu inaweza kuchelewa, na ngozi iliyochomwa jana haitaki hina, sembuse piko lenye dawa kali ya rangi. Akarudi kwa daktari wake, wakakubaliana: gango mpaka siku ya harusi, kulivua kwa hina na picha tu, sindano baada ya fungate. Alikaa kwenye kiti cha harusi akitabasamu, na tunajua aliuma meno kila aliposhikwa mkono. Laiti angekuja miezi miwili kabla, angechomwa na mkono ungetulia. Kwa hiyo ushauri wetu kwa masomo na mama wa maharusi: mkianza kuhesabu siku za singo, hesabuni na mikono. Mkono unaouma utibiwe mapema, usingojewe.

Funga, udhu, uzazi na sukari

Kuhusu kufunga, Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikaa Jeddah mwaka 1997 na kupitisha kwamba sindano za matibabu, za ngozi, nyama au mshipa, hazifunguzi, isipokuwa zile za lishe. Mwenye wasiwasi anaweza kuomba achomwe baada ya magharibi, au amuulize shekhe wake.

Kuhusu udhu, gango la dole gumba la kuvaa na kuvua huvuliwa, mkono ukaoshwa, likarudishwa mkono ukikauka. Ukifungwa plasta ngumu isiyovuliwa, hukumu yake ni ya majeraha yaliyofungwa, na katika madhehebu yetu ya Shafi kuna habari ya kupaka maji juu pamoja na kutayamamu. Muulize mwenye elimu kabla ya kutoka nyumbani, usiache sala kwa kutokujua.

Mjamzito na anayenyonyesha amwambie daktari hali yake mapema. Na mwenye kisukari asiinyamaze: sindano hii ndogo inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa, hivyo apime mara kwa mara wiki hiyo. Mwenye homa, kidonda au uvimbe mwekundu wa moto pale kifundoni asichomwe kwanza, aangaliwe.

Tuliyobaki nayo

Kutoka kwa mwanamke dobi wa 1893, kwa yule mgonjwa wa miaka 35 wa La Chaux-de-Fonds, mpaka kwa mkataji wetu, mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba yeye hakuhitaji kuchagua kati ya kukatwa na kuvumilia. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila ugonjwa umeteremshiwa dawa yake. Kuijua dawa kabla ya kuipokea ni sehemu ya kujitibu.

Basi ukienda spitali na kifundo chako, nenda na maswali haya. Dawa gani, na kiasi gani? Inakaa muda gani? Ngozi yangu inaweza kufanya nini? Mtachoma kwa kupapasa au kwa ultrasaundi? Nifunge gango baadaye, na kwa siku ngapi? Nisipopona, hatua ya pili ni ipi? Daktari mzuri hatachoka kukujibu.

Na ukirudi nyumbani, saidia mkono wako. Mtoto mchote kwa viganja na mikono, usimnyanyue kwa madole gumba. Nguo zikamuliwe na wawili. Mkasi unolewe. Sisi dukani tumenunua mkasi mwepesi wa pili, na hakuna anayekata zaidi ya saa moja bila kupokewa. Mkataji wetu bado ndiye mkataji wetu, na mwanawe sasa anakimbia kati ya majora ya vitambaa akituchanganyia vifungo.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote, aibariki mikono ya mama zetu waliofua, waliosuka na waliotulea. Amin.